Mtama Uliokataa Kuanguka

Ukimaliza kuisoma hii, mtumie mtu mmoja tu: yule ambaye kila mtu humwambia ana kichwa kigumu. Wengine watajisomea wenyewe siku yao ikifika.

Ni habari ya zamani sana, kabla ya shamba la kwanza, kabla ya ukuta wa kwanza, kabla mtu yeyote hajawaza kujenga mji. Watu walikuwa wanatembea. Waliwafuata wanyama, wakayafuata maji, wakayafuata matunda kule yalikoiva. Mali ya mtu ilikuwa ile inayobebeka mgongoni, basi.

Kundi moja, kama watu arobaini hivi, lilijiita Waendao. Kiongozi wao aliitwa Lomari. Alikuwa mrefu na mkimya, alitembea mbele siku zote, na hakuna aliyewahi kumwona akigeuka kutazama nyuma.

Kila mwaka mvua zilipokatika, Waendao walifika kwenye bonde pana lenye mto. Hapo palijaa mtama wa mwituni, mrefu kupita kichwa cha mtu. Hawakuukata. Kila mwanamke alishika kikapu mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Aliinamisha bua juu ya kikapu, akalipiga shuke, na punje zikamiminika kama mvua ya manyunyu.

Shuke lililomwaga punje kwa pigo moja waliliita karimu. Lililong'ang'ania punje zake hata baada ya mapigo matatu waliliita choyo, wakalipita. Na siku ya kuondoka, kila mmoja alichota konzi moja ya punje za masuke karimu, akazitupa ardhini kwa shukrani.

“Ahsante kwa kutoa,” walisema. “Toa tena.”

Ilikuwa desturi nzuri. Ilikuwa pia kosa kubwa, ila hakuna aliyelijua.

Waendao walikuwa na neno la upole kwa jambo lao gumu kuliko yote. Mtu akishindwa kutembea, kwa uzee au kwa kuumia, hawakusema ameachwa. Walisema amepumzishwa. Aliwekewa kibuyu cha maji, makaa ya moto na ngozi ya kujifunika. Kisha kundi zima lilipita mbele yake bila kugeuza shingo, na jina lake halikutajwa tena.

Mwaka huo aliyeshindwa kutembea alikuwa Ateyo, dada mkubwa wa Lomari. Aliteleza kwenye mawe ya mto, na nyonga yake ikavunjika. Alikuwa na binti mmoja, Nakiru, mwanamke kijana aliyefiwa na mume na hakuwa na mtoto. Kila asubuhi Nakiru alimbeba mama yake hadi kivulini, akamwosha, akamlisha, na alipofika kwenye mtama wenzake walikuwa wameshajaza vikapu.

“Nakiru!” aliita Sebwe, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. “Naona leo pia nyasi zimeamka kabla yako.”

Wanawake wakacheka.

“Niachieni hata upande mmoja, dada zangu,” alisema Nakiru.

“Mbona tumekuachia? Machoyo yote hayo ni yako. Yabembeleze, labda yatakuonea huruma.”

Nakiru alipiga shuke mara tatu. Halikutoa kitu. Akapiga mara kumi. Mkono ukamuuma. Basi akaitupa fimbo, akaokota jiwe kali, akaanza kuyakata masuke yale machoyo shingoni, moja baada ya jingine, akayatia kikapuni yakiwa mazima na punje zake.

“Haya,” alisema Sebwe. “Sasa anaokota takataka.”

Mwezi ulipoisha, wenzake walikuwa na vikapu vya punje safi. Nakiru alikuwa na kikapu kimoja cha masuke yaliyokataliwa. Siku hiyo alikwenda kwa Lomari, akapiga magoti.

“Mjomba, tungojeeni mwezi mmoja. Nyonga ya mama itaunga.”

“Haitaunga kwa mwezi.”

“Basi miwili.”

“Wanyama wameshaondoka, Nakiru. Tukibaki hapa miezi miwili, tutakula vikapu hivi vyote, kisha tutaanza kutazamana. Watu arobaini hawawezi kufa kwa ajili ya nyonga moja.”

“Ni nyonga ya dada yako.”

Lomari aliishika vizuri fimbo yake ya uongozi. “Najua ni ya nani,” alisema. “Kesho atapumzishwa.”

“Basi na mimi nabaki.”

“Ukibaki, umepumzishwa pamoja naye. Hatutalitaja jina lako.”

“Msilitaje, mjomba,” alisema Nakiru, akainuka. “Nitalitaja mwenyewe.”

Kesho yake waliwekewa kibuyu, makaa na ngozi. Waendao wakapita. Sebwe, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, siku hiyo alipita akiwa ameuma midomo. Lomari alipita mbele ya wote na shingo yake ilikuwa imekaza kama jiwe.

Vumbi lilipotulia, Ateyo alimgeukia binti yake.

“Wakimbilie. Bado utawafikia kabla ya kilima.”

“Sitaki.”

“Nakiru, mimi nimeshakula dunia yangu. Wewe bado una miguu.”

“Ninayo, na imekataa kwenda. Mama, nisikilize. Wewe una mikono. Nitakuletea matete, suka mtego wa samaki. Maji yanapungua, kambale watabaki kwenye madimbwi. Tutakula hao.”

“Na wakiisha?”

“Wakiisha tutajua la kufanya.”

“Hilo ndilo jibu lako?”

“Kwa leo ndilo.”

Ateyo alitikisa kichwa. “Kweli wewe umetoka tumboni kwangu,” alisema. “Haya, lete hayo matete kabla sijabadili nia.”

Waliishi hivyo. Nakiru alichimba mizizi, alikamata panzi, alibeba kambale wenye tope hadi kwenye masharubu. Ateyo alisuka, alichoma, alisimulia vichekesho vya watu waliokwishapita. Lakini kikapu cha masuke kilibaki kimefungwa. Kila Ateyo alipokitazama, Nakiru alisema, “Bado.”

Mto ulirudi nyuma, ukaacha kingoni ukanda mpana wa tope jeusi, laini na lenye unyevu. Asubuhi moja Ateyo aliamka akakuta kikapu kimefunguliwa. Kimebaki nusu tu. Binti yake alikuwa amerudi kutoka mtoni, matope yamemfika magotini, ameshika kijiti.

“Nusu nyingine iko wapi?”

“Nimeitia kwenye tope.”

“Umeitupa?”

“Nimeipanda, mama.”

“Ndiyo nini hiyo, kupanda?”

“Nimetoboa tundu, nimeweka punje, nimefukia.”

Ateyo alinyanyua kipande cha kuni, akakirusha. Hakikumpata, na labda hakukusudia kimpate.

“Mbavu zako naweza kuzihesabu nikiwa nimekaa hapa! Na wewe unalisha tope?”

“Kila mwaka tunatupa konzi za shukrani,” alisema Nakiru. “Na kila mwaka tukirudi, pale tulipozitupa mtama umeota umebanana kama manyoya ya mbuzi. Hujawahi kuona?”

“Nimeona. Hiyo ni bonde linapokea shukrani zetu.”

“Bonde halijui shukrani, mama. Linajua punje.”

Ateyo alilia siku hiyo, kwa njaa na kwa hasira. Nakiru hakubishana tena. Alichukua masuke machache kati ya yaliyobaki, akayatwanga kwenye shimo la mwamba mpaka yakaachia, akampikia mama yake uji mwepesi. Yeye mwenyewe alikunywa maji, akarudi kwenye tope.

Siku ya nane tope lilitoboka. Vijani vilichomoza, vyembamba, vimepanga mstari kama alivyovipanga.

Nakiru alimbeba mama yake akamweka kando ya mstari wa kwanza. Ateyo alinyoosha kidole akakigusa kijani kimoja.

“Vinakutii,” alisema kwa sauti ndogo.

“Havinitii mimi. Vinataka kuishi, kama sisi.”

Kisha walikuja ndege. Walikuja kwa makundi, masuke yalipoanza kujaa, na Nakiru peke yake hakuweza kukimbia pande zote. Akarundika udongo katikati ya mtama, akaupiga ukawa mgumu, akamketisha mama yake juu na kumpa kibuyu chenye kokoto ndani.

“Kazi yako ni kuwatukana,” alisema.

Ateyo akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kazi hiyo, ambayo wakulima wa leo huiita kuamia, haihitaji miguu hata kidogo. Inahitaji macho, sauti na moyo usiochoka. Kuanzia alfajiri hadi jua linazama, mwanamke aliyeachwa kwa sababu hakuwa na faida alilinda chakula cha watu wawili kwa mdomo wake.

Mtama uliiva. Na ulipoiva tu, ukavuma upepo mkali kutwa nzima, ule upepo ambao kwenye mtama wa mwituni huacha mabua matupu. Nakiru alishinda amemkumbatia mama yake chini ya ngozi, na upepo ulipotulia alikimbia mtoni. Alitegemea kukuta punje zote zimelala matopeni.

Hapakuwa na hata moja. Masuke yote yalikuwa juu, mazito, mekundu, yameshika punje zake kama ngumi.

Alirudi taratibu.

“Mama, hayajaanguka.”

“Yaliyobaki ni mangapi?”

“Yote. Ni machoyo yote. Watoto wamewafuata wazazi wao.”

Ateyo alikaa akifikiri, mkono shavuni. Kisha akapiga paja lake zima kwa kiganja.

“Kumbe! Miaka yote tulikuwa tunashukuru kwa punje zinazokimbia, na tukarudi kukuta mtama unaokimbia. Kila mwaka unawahi kuanguka zaidi, tunasema ardhi imezeeka. Kumbe ni sisi, kwa mikono yetu wenyewe.”

“Na huu umekaa,” alisema Nakiru.

“Huu ulikuwa unatungoja.”

Waliukata kwa jiwe kali, wakautwanga, wakala wakashiba. Nakiru alichimba shimo kwenye mwinuko, akalipaka udongo ndani, akalikausha kwa moto, akalijaza punje na kulifunika. Mvua ziliporudi akapanda tena. Safari hii alipanda kuanzia mto hadi kwenye mwamba, eneo ambalo wanawake kumi wangechoka kulizunguka. Mgongo wake ulivimba. Viganja vyake vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena pale pale. Hakusimama.

Mwaka ulitimia. Waendao wakarudi.

Walirudi wamekonda. Wanyama hawakupatikana huko walikokwenda, na matumaini yao yote yalikuwa kwenye mtama wa bonde. Lakini upepo ulikuwa umewatangulia, upepo wa siku tatu wenye mvua ya mawe. Bonde zima lilikuwa limejaa mabua matupu, na punje zilizoanguka zimeliwa na ndege na panya, zilizobaki zimeoza.

Walisimama pale na vikapu vyao na fimbo zao. Mtoto mmoja akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ndipo waliposikia sauti kutoka upande wa mto.

“Tokeni! Wezi wakubwa! Hamkufundishwa na mama zenu?”

Waliganda.

“Ni sauti ya Ateyo,” alinong'ona mtu.

“Ateyo alipumzishwa,” alisema mwingine.

Sebwe akajishika kifua. “Siku hizi wafu wanatukana?”

Walisogea polepole. Nyuma ya matete waliona kitu ambacho macho yao hayakukielewa: mtama umesimama kwa mistari, mwekundu, haujapoteza punje hata baada ya ule upepo. Katikati yake, juu ya kichuguu cha udongo, mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika alikuwa anatikisa kibuyu na kuwatukana ndege. Alipowaona, alishusha kibuyu.

“Mmechelewa,” alisema. “Nakiru! Wageni!”

Wanawake hawakungoja. Waliingia na fimbo zao, wakainamisha mabua, wakapiga. Kimya. Wakapiga tena. Hakuna kilichoanguka.

“Machoyo!” alipiga kelele Sebwe, karibu kulia. “Ni yale yale machoyo!”

“Ni yale yale uliyoniachia, dada Sebwe,” alisema Nakiru, akitokea na jiwe lake mkononi. “Hayo makarimu yako yako wapi leo?”

Sebwe aligeuka kutazama mabua matupu ya bonde.

“Upepo uliyaomba yakatoa,” Nakiru aliendelea. “Ndege wakayaomba yakatoa. Mlipofika nyinyi hayakuwa na kitu. Haya yamekataa kumpa mtu yeyote mpaka aje yule aliyeyahangaikia. Weka fimbo chini. Nitakuonyesha.”

Aliwaonyesha. Walikata, wakatwanga, wakapepeta. Akawafungulia na lile shimo, ambalo bado lilikuwa na akiba ya mavuno ya kwanza. Jioni hiyo watu arobaini walikula uji mzito mpaka watoto wakalala na mikono kwenye bakuli za vibuyu.

Mtu mmoja tu hakula. Lomari alikaa mbali na wengine. Bakuli lake lilikuwa mbele yake, limejaa, na ngozi ya uji ilikuwa imeshatanda juu.

“Mjomba, uji umepoa,” alisema Nakiru.

“Sina njaa.”

Alikuwa mifupa mitupu, na kila mtu alimsikia.

“Kesho tunaondoka,” alisema, akisimama. “Kila mmoja atabeba anachoweza. Tutavuka mto kabla jua halijapanda. Asiyeweza kutembea atapumzishwa, kama ilivyo siku zote.”

Watu walitazamana. Chakula kilikuwa kimejaa miguuni pao, na bado anasema kuondoka?

Nakiru alisimama mbele yake. “Mjomba, mwaka jana uliniambia watu arobaini hawawezi kufa kwa ajili ya nyonga moja. Leo watu arobaini wanaishi kwa ajili ya nyonga hiyo hiyo. Unakimbia nini?”

“Ondoka njiani.”

“Kula kwanza.”

“Nimesema ondoka!”

“Na mimi nimesema kula!”

Lomari alilipiga teke bakuli, uji ukamwagika mchangani. Kumwaga chakula, mwaka wa njaa, mbele ya watoto! Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho, na zaidi kwa mtu kama yeye.

Naye akachuchumaa palepale kwenye uji.

“Nikila,” alisema, na sauti yake haikuwa ya kiongozi, “nikila, nitakuwa nimekubali kwamba iliwezekana.”

“Nini kiliwezekana, mjomba?”

“Bibi yako. Wewe ulikuwa mgongoni, hata meno huna. Alivimba miguu. Nilimweka pale, chini ya mwamba ule.” Hakuonyesha kwa mkono, lakini wazee wote walitazama chini. “Ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa uongozi. Nilisema, nikimwacha mama yangu mwenyewe nitakuwa nimeonyesha kwamba sheria haina ndugu. Alikuwa anaimba tulipopita. Mtama ulikuwa umeiva pande zote. Machoyo yalikuwa yamemzunguka, Nakiru. Yalikuwa yamemzunguka kama ukuta.”

“Niliambiwa alikufa kwa homa,” alisema Nakiru.

“Hakuwa na homa.”

Nakiru aligeuka kuutazama mwamba ule.

Ndipo Ateyo alipotoka kwenye ngozi yake. Alijiburuza kwa mikono, mguu mmoja ukichora mstari mchangani, na binti yake alipotaka kumsaidia alimzuia kwa kidole. Alifika mpaka kwa mdogo wake. Alikuwa na bakuli lake mwenyewe, limebaki nusu.

“Alikuwa mama yangu pia, Lomari.”

“Najua.”

“Nilikuwa nyuma yako siku hiyo. Mwanangu mgongoni, shingo nimeikaza. Na mimi sikugeuka.”

Lomari alifunika uso.

“Tulifanya tulichokijua,” alisema Ateyo. “Na leo tumejua kingine. Ukikataa uji huu, yeye hatarudi. Utaniongeza tu na mimi pale mwambani. Ndilo unalotaka?”

“Hapana, dada.”

“Basi fungua mdomo.”

Alimlisha kwa vidole vyake, mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye mvi. Alikula huku akilia, na alikula mpaka bakuli likaisha.

Kisha Lomari alinyanyuka. Alijifuta uso, akawatazama watu wake, mmoja mmoja, kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza kwa mbele.

“Nani hapa,” aliuliza, “anaumwa miguu na amenificha?”

Watu wakasogeza miguu nyuma ya mizigo yao.

“Sitamfanya kitu. Semeni.”

Mzee mmoja alinyanyua mkono, nusu, kama anayejikuna. Halafu mama mmoja mjamzito. Halafu kijana mwindaji ambaye wote walimsifu kwa mbio zake, akafunua kifundo cha mguu kilichovimba, kimefungwa kwa gamba la mti. Mikono ikazidi kuinuka, sita, tisa. Wa mwisho kabisa ulikuwa wa Sebwe.

“Na wewe?” Nakiru alishangaa.

“Goti,” alisema Sebwe, akitazama pembeni. “Tangu mwaka juzi. Ulifikiri kwa nini nilikuwa napiga kelele nyingi vile? Mtu akicheka, hawamtazami miguu.”

Lomari alihesabu mikono ile, na ilimchukua muda. Miaka yote alikuwa akitembea mbele ya kundi la watu wenye maumivu, na kila hatua waliyopiga ilikuwa ya kumwogopa yeye.

Aliokota fimbo yake ya uongozi, ile aliyokuwa akiielekeza mbele kila asubuhi ya safari. Akaiangalia. Akamkabidhi Nakiru.

“Hii inafaa kutoboa tundu za punje?”

Nakiru aliipima mkononi. “Ni ndefu mno. Lakini tutaikata.”

“Ikate.” Akawageukia wengine. Walikuwa bado wamesimama na mizigo miguuni, wakingoja amri, maana tangu wazaliwe walijua amri moja tu, ya kuondoka.

“Kaeni,” alisema Lomari.

Hawakumwelewa.

“Kaeni,” alirudia, taratibu zaidi, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuketi chini. “Hapa.”

Wakakaa. Siku ile, na siku iliyofuata. Mvua zikaja zikawakuta hapo hapo, wamejenga vibanda kando ya mtama, na baadaye vibanda vikawa kijiji.

Siwezi kuapa kwamba neno lilianzia bondeni kule. Ila sisi tunaotumia neno moja kwa mtu aliyeketi na kwa mtu mwenye nyumba, kila tunapomuuliza mgeni, “Unakaa wapi?”, tunamuuliza pia, bila kujua, ni nani aliyekuwa tayari kukaa naye aliposhindwa kutembea.

Funzo: Kitu kinachokataa kuachia usikiite kichoyo kabla hujajua kimemshikilia nani, maana wengi wetu tuko hai leo kwa sababu kuna mtu mmoja mwenye kichwa kigumu aliyekataa kutuachia.